Jina Ndilo Hufutwa Kwanza

Usiniambie ile logo inayocheza mwanzoni mwa gemu ni kupoteza wakati. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo. Kwa PS ya mtaani tulilipia dakika, kwa hivyo bundi wa Psygnosis akitokea tu kwenye skrini, aking'aa kama chuma, mtu ashabonyeza pedi ampite. Nyanya yangu angemwona angetema mate: kwao bundi akitua nyumbani, kuna msiba unakuja.

Sasa huyu, msiba ulimpata yeye mwenyewe. Psygnosis ilianzishwa Liverpool, Uingereza, mwaka wa 1984, na logo yake ilichorwa na Roger Dean. Ndio waliotoa Lemmings mwaka wa 1991, gemu iliyotengenezwa na DMA Design ya Dundee, studio ileile iliyokuja kutupa GTA. Mwaka wa 1993 Sony wakainunua Psygnosis. Mwaka wa 1995 ikatoa Wipeout, na PlayStation ikaanza kuonekana kitu cha watu wa klabu, si kichezeo cha watoto. Baadaye jina likaondolewa, wakaitwa Studio Liverpool. Agosti 2012 studio ikafungwa.

Hebu angalia huo mpangilio. Jina lilienda kwanza, watu wakafuata. Lakini Wipeout haikuzikwa nao. Mwaka wa 2017 ilirudi madukani, imetayarishwa na studio zingine, na pesa bado inaingia kwa Sony.

Najua mtasema biashara ni biashara, aliyenunua ng'ombe amenunua na maziwa. Sawa, auze. Lakini kwani kumtaja aliyemlisha huyo ng'ombe kungemgharimu nini?

Hii si huruma ya gemu za zamani tu. Mimi huandikia wateja makala yasiyobeba jina langu. Wakinilipa najiambia ni sawa, jina halinunui unga. Najidanganya. Mteja akiamua kuniacha kesho, hakuna msomaji atauliza yule jamaa alienda wapi, kwa sababu hakuna aliyejua nilikuwepo. Kufuta mtu asiye na jina ni rahisi sana.

Kwa hivyo ukiwasha gemu ya zamani leo, toa kidole kwa pedi. Ni sekunde chache tu. Kuna watu wanakwambia ni wao walioifanya hiyo kazi, na hawana mahali pengine pa kusemea.