Pete Isiyo na Masharti

Mwalimu yeyote aliyepata kusahihisha insha za kubuni za darasa la sita au la saba anaijua pete hii. Shujaa yumo taabani. Ama amefungiwa na zimwi, ama mama wa kambo amemnyima chakula siku tatu. Ndipo anapookota pete, anaisugua, na taabu yote inakwisha. Hadithi nayo inakwisha papo hapo, kwa kuwa halipo tena la kusimulia. Mwalimu husahihisha upatanisho wa sarufi na herufi kubwa, huandika alama, kisha hufungua daftari jingine, na humo huikuta pete ile ile imegeuka kuwa fimbo.

Baadhi ya walimu wenzetu wameamua kuipiga pete hiyo marufuku. Wanadai kwamba inawazoeza watoto uvivu wa fikra na, baya zaidi, inawapandikizia imani za kishirikina. Kuhusu uvivu tunakubaliana nao. Kuhusu dawa ya uvivu huo tunatofautiana nao. Kwa maoni yetu, si kosa kwa shujaa kupewa pete; kosa ni kwamba pete yenyewe haina masharti. Haichoki, haidai malipo, haimkatai mtu. Mwanafunzi hakufundishwa kuiwekea mipaka, na kuweka mipaka ni kazi inayofundishika.

Wako watu walioifanya kazi hiyo kwa bidii kubwa, nao hawakuwa walimu bali watungaji wa michezo. Mwaka 1974, mjini Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha mchezo uitwao Dungeons & Dragons, yaani mashimo ya gereza na majoka. Watu huuchezea mezani kwa maneno. Mmoja wao ni msimamizi, naye huisimulia nchi ya kubuni pamoja na hatari zake. Wengine hushika kila mmoja nafasi ya mhusika wake na kueleza anachofanya. Jambo lisilo na hakika huamuliwa kwa dadu, na dadu inayotumika sana ni ile yenye nyuso 20. Wahusika wakimshinda joka hupata hazina, na ndani ya hazina mna pete, panga, majoho na vifimbo vyenye nguvu za ajabu. Kwa kuwa wachezaji ni watu wenye akili, na wenye tamaa pia, kitu kimoja kisichowekewa mpaka chaweza kuuharibu mchezo kwa jioni moja. Kwa hiyo watungaji walilazimika kuandika masharti, na wamekuwa wakiyaandika na kuyarekebisha kwa miaka hamsini. Tutakayoyataja hapa ni ya toleo la tano, lililotoka mwaka 2014.

Tuanze na kifimbo cha kurusha mipira ya moto. Kifimbo hiki kina akiba ya mipigo saba. Mwenye nacho aweza kutumia pigo moja, au kuunganisha kadhaa ili moto uwe mkali zaidi. Kila kunapopambazuka akiba hurudi, lakini hairudi kwa kiasi kilichowekwa: hurushwa dadu ya nyuso sita, ikaongezwa moja. Asubuhi moja yaweza kurudisha mipigo miwili, nyingine saba. Tena lipo sharti jingine, na hili ndilo linalotupendeza. Mtu akilitumia pigo la mwisho, sharti arushe dadu ya nyuso 20. Ikitokea moja, kifimbo chote huwa majivu. Mchezaji mwenye busara, basi, huenda na pigo moja lililobakizwa, akajizuia kulitumia mpaka hali iwe mbaya kabisa. Tazama jinsi sharti moja fupi linavyozaa hadithi. Sasa mhusika anahesabu, anasitasita, anashawishika, anajuta. Yule shujaa wa insha zetu hana hata moja katika haya, kwa kuwa pete yake haimlazimishi kuchagua.

Mfano wa pili unamhusu mwalimu wa somo lolote. Ziko glovu zinazompa mvaaji nguvu za zimwi. Katika mchezo huu nguvu za mtu wa kawaida huhesabiwa kuwa 10. Anayevaa glovu hizo nguvu zake huwa 19, hata kama hapo awali zilikuwa 8 tu. Ila kwa yule ambaye tayari ana 19 au zaidi, glovu hazina faida yoyote. Uko pia utepe wa kufunga kichwani unaofanya vivyo hivyo kwa akili: huifikisha 19, na anapouvua akili hurudi palepale ilipokuwa. Hatuwezi kujizuia kusema kwamba vifaa vingi vya kufundishia tunavyovisifu katika vyuo vyetu ni tepe za namna hii. Chati ikiwa ukutani darasa zima linajua sehemu za ua. Chati ikikunjwa, ua nalo limekunjwa. Mtungaji wa mchezo aliliona jambo hilo, akaliandika waziwazi kuwa sharti. Sisi huwa tunaligundua siku ya mtihani.

Baadhi ya vitu vyenye nguvu kubwa havitumiki kwa kuviokota tu. Sharti mhusika akae na kitu hicho mkononi kwa muda wa saa moja au zaidi, akikitafakari na kukizoea, mpaka afungamane nacho. Wala hawezi kufungamana na zaidi ya vitatu kwa wakati mmoja. Akitaka cha nne, aache kimojawapo. Mtoto wa miaka kumi na miwili huielewa kanuni hii mara moja, kwa sababu ndiyo kanuni ya mikono miwili na mizigo mitatu. Upo na mfuko wa ajabu unaobeba karibu kilo 227 na ambao wenyewe una uzito wa kilo saba hivi, hata uwe umejaa namna gani. Ukizidishiwa mzigo, au ukitobolewa, huharibika na vilivyomo hutawanyika katika ulimwengu mwingine. Kiumbe anayepumua akiingia humo ana hewa ya dakika 10. Wakiwa wawili, dakika tano kila mmoja. Wakiwa wanne, dakika mbili na nusu. Mwalimu wa hesabu anayetafuta mafumbo ya kugawanya asiende mbali.

Tena kuna malipo. Liko shoka linalompa mwenye nalo shabaha na uhai zaidi, lakini lina laana: hataki tena kuliweka chini, na siku adui akimjeruhi yawezekana akashikwa na ghadhabu, akampiga yeyote aliye karibu naye, awe rafiki au adui. Na viko vitu viwili vya kale vya mchawi aitwaye Vecna, jicho na mkono, vilivyoingizwa katika mchezo mwaka 1976. Anayetaka nguvu za jicho sharti alitoe jicho lake mwenyewe kwanza. Anayetaka za mkono, aukate wake. Mfano huu unatisha, nasi tusingeupeleka mbele ya watoto wadogo. Tunautaja kwa ajili ya walimu, kwa sababu tutaurudia.

Si kwamba masharti ni mageni kwetu. Wasomaji wa Alfu Lela Ulela wanakumbuka kwamba Aladini alikuwa na pete pamoja na taa, na kwamba kasri lake lilipochukuliwa kwa nguvu za taa, jini wa pete alikiri hana uwezo wa kulirudisha. Aliloweza ni kumchukua Aladini na kumfikisha kasri lilipo. Kukiri huko ndiko kunakoiendesha sehemu yote ya mwisho ya hadithi. Fumo Liyongo naye hadhuriwi kwa silaha yoyote, ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mzee anayesimulia hadithi kwetu hajasahau mipaka. Anayeisahau ni mwanafunzi aliyeambiwa tu, "Andika hadithi ya kubuni isiyozidi ukurasa mmoja," pasipo kufundishwa lolote jingine.

Sasa tuje kwenye hoja ya ushirikina, ambayo ni nzito na haifai kuchekwa. Katika miaka ya 1980 huko Marekani, wazazi na baadhi ya viongozi wa dini waliushutumu mchezo huu wakidai kwamba unawaingiza vijana katika uchawi. Hapa kwetu hofu hiyo ina sababu iliyo karibu zaidi. Watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa tangu katikati ya miaka ya 2000, kwa sababu wapo walioaminishwa kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mnamo Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Baadhi ya watoto waliomo madarasani mwetu wameishi kwa kufichwa. Mwalimu anayesema kwamba hataki kusikia habari za vitu vya kutia nguvu darasani mwake ana haki ya kusikilizwa.

Lakini tumwulize: akinyamaza yeye, nani atasema? Mtoto atasikia habari za hirizi ya mtihani kwa wenzake, na za dawa ya utajiri kwa watu wazima, na katika kuzisikia hatapewa nafasi ya kuuliza swali hata moja. Hapo ndipo tunapoona tofauti kubwa baina ya kitu cha mchezo na kitu cha mganga. Katika mchezo sharti limeandikwa kabla ya tukio, kila aliyeketi mezani aweza kulisoma, na dadu huangukia mbele ya macho ya wote. Kwa mganga sharti huja baada ya tukio. Dawa isipofanya kazi huambiwi kwamba dawa ni ya uongo. Huambiwa umevunja mwiko. Wanachuo wetu wengi wamesoma Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969, na wanajua habari za vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Yale maji yaliyaunganisha makabila yaliyokuwa hayajapata kusimama pamoja, na heshima hiyo haiondoki. Hata hivyo yalikuwa na miiko, na aliyeanguka kwa risasi aliweza kusemwa kuwa hakuitimiza. Sharti la namna hiyo halipatikani na kosa milele, kwa kuwa kila kushindwa hugeuzwa kuwa kosa la mtu. Mtoto aliyezoea kudai sharti lisemwe mapema, tena mbele ya watu, ana jambo la kumwuliza mganga.

Na swali jingine ni hili: nani analipa? Tulisema tutalirudia jicho la Vecna. Hata katika hadithi hiyo ya kuogofya, anayetamani nguvu hutoa kiungo chake mwenyewe. Watungaji wa mchezo hawakuona taabu kulitambua hilo. Mwanachuo anayejiandaa kufundisha mahali ambapo watu wameuawa ili wengine watajirike anapaswa kuweza kuliuliza swali hilo kwa sauti, na kuwafundisha watoto kuliuliza.

Kuhusu namna ya kufanya, hatushauri vyuo vinunue vitabu vya mchezo huo. Ni ghali, na vimejaa vita kupita kiasi kwa matumizi ya shule. Tunashauri mwalimu achukue ile kanuni tu. Katika mazoezi ya kufundisha tumewaomba wanachuo wetu waanze kipindi cha insha kwa kuwataka wanafunzi, katika vikundi vya watu wanne, wabuni kitu kimoja cha ajabu na kukiandikia masharti kabla ya kuandika hadithi yenyewe. Nguvu zake ni zipi, na zinakoma wapi? Hutumika mara ngapi? Kimempa nini mwenye nacho, na kimemnyang'anya nini? Nani hawezi kukitumia? Kundi la pili hulisoma andiko na kutafuta mwanya wa kukitumia kwa hila, kisha kundi la kwanza huuziba. Hapa ndipo kelele huanza, na mwalimu mgeni huogopa kwamba darasa limemshinda. Asiogope, wanabishana juu ya maana ya "kila siku" na "siku zote", na hiyo ni sarufi.

Penye bahati nasibu, vipande 20 vya karatasi vilivyoandikwa namba na kutiwa katika kopo vinatosha kabisa badala ya dadu. Vipindi viwili vya dakika arobaini vinahitajika: cha kwanza kwa masharti, cha pili kwa hadithi. Mwanachuo anayejaribu kuyamaliza yote katika kimoja atazirudia pete zile zile. Alama tunazitoa kwa masharti kwanza, kumi kati ya ishirini, na mwanafunzi ambaye shujaa wake ameshindwa kwa sababu pigo la mwisho lilikuwa limekwisha hapunguziwi hata moja.