Mafuta ya Mgando Kwenye Mayai: Nilikosea, Leo Nasahihisha

 

Leo sitaongelea chanjo wala chakula cha kuku. Naongelea kopo la mafuta ya mgando, hili hili tunalopaka miguuni wakati wa baridi. Na naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nafundisha kikundi cha wafugaji wa kuku wa kienyeji. Mama mmoja akauliza afanye nini ili mayai yake yasiharibike kabla ya siku ya mnada. Nikamjibu harakaharaka, "Yapake mafuta ya mgando kidogo, mama, yatakaa." Wakaandika kwenye madaftari, tukaendelea na somo la mdondo. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mayai hupakwa mafuta yakae muda mrefu. Sikujiuliza ni mafuta gani, wala ni mayai ya kazi gani.

Baadaye jirani yake akanunua kwake mayai 24, akayagawa kwa kuku wawili waatamie. Siku ya 21 ikafika, kimya. Siku ya 24 akayavunja: hakuna kifaranga hata kimoja. Huyu akasema jogoo ni mbovu, yule akasema kuku wako hawajui kuatamia, maneno yakafika mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nilipoitwa, nikaliona lile kopo limekaa juu ya trei. Mama akaniangalia tu. "Si wewe uliyetufundisha, bwana mifugo?" Nikakosa la kusema.

Sasa tuelewane kilichotokea. Ganda la yai lina maelfu ya vitundu vidogo sana. Humo ndimo maji na hewa chafu hutoka, na oksijeni huingia. Yai la kula likikaa, hupoteza maji na hewa kupitia vitundu hivyo, ute unakuwa mwepesi na nafasi ya hewa ndani yake inapanuka. Ukiziba vitundu, yai linachelewa kuchakaa. Kwa hiyo ni kweli kwamba kupaka mafuta kunasaidia yai la kula. Lakini yai la kutotolesha lina kiumbe kinachopumua. Ukiliziba, umemziba pumzi kifaranga. Mafuta yoyote yatafanya hivyo, yawe ya mgando au ya alizeti.

Hilo likaeleweka. Ndipo wenzetu wengine wakaniuliza: basi kwa mayai ya kula tuendelee na mafuta ya mgando, si ndiyo? Msimamo wangu ni hapana, na nitasema kwa nini.

Wapo watakaokuambia kwamba mafuta haya hata Marekani yanaruhusiwa kwenye chakula. Ni kweli kabisa. Sheria ya huko inaruhusu yatumike viwandani, kwa mfano ili mkate usigande kwenye chombo cha kuokea, au kung'arisha peremende. Lakini isome hiyo sheria mpaka mwisho. Kwenye bidhaa za kuoka yasizidi asilimia 0.15, yaani gramu moja na nusu kwa kilo. Kwenye peremende asilimia 0.2. Kwenye matunda yaliyokaushwa asilimia 0.02 tu. Na lazima yawe yamesafishwa kwa kiwango cha chakula. Kiwandani wana mizani na wana maabara. Wewe na mimi tuna kidole.

Jambo la kwanza basi ni usafi wa mafuta yenyewe. Mafuta ya mgando yanatokana na mafuta ghafi ya petroli, yale yale yanayotoa dizeli. Yakisafishwa vizuri hayana shida kwenye ngozi. Yasiposafishwa vya kutosha, hubaki na kemikali ambazo baadhi yake zinajulikana kusababisha saratani. Kopo la bei rahisi la mnadani huwezi kujua limesafishwa kiasi gani. Tena mengi yametiwa manukato, na yai hunyonya harufu upesi. Mteja akikaanga yai likanukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, harudi tena.

La pili ni alama kwenye kopo. Mama mmoja aliniambia, "Lakini hili lina alama ya TBS." Nikamwambia vizuri sana, ndilo la kununua. Ila TBS inasimamia vipodozi na inasimamia chakula, na kila kimoja kina kiwango chake. Alama iliyo kwenye kopo la kujipaka inathibitisha kitu cha kujipaka. Haisemi kitu hicho kinafaa kuliwa, kama vile alama kwenye saruji isivyosema tuisongee ugali.

La tatu, mafuta haya si chakula. Tumbo haliyameng'enyi, yanapita tu. Mtu akiyazoea, yanaweza kupita na vitamini A, D, E na K ambazo huyeyuka kwenye mafuta. Nasi tunawashauri akina mama wawape watoto mayai kwa sababu hizo hizo za lishe!

Sitaki kukutisha. Aliyekula yai moja lililopakwa hatadondoka. Robert Chesebrough, Mmarekani aliyepata hataza ya mafuta haya mwaka 1872, inasimuliwa kwamba alikuwa akila kijiko kila siku, na alifariki mwaka 1933 akiwa na miaka 96. Lakini alikuwa anauza kopo lake mwenyewe, na mzee mmoja aliyeishi sana si ushahidi. Hata babu yangu alivuta kiko mpaka uzeeni, sijawahi kumshauri mtu avute.

Ufanye nini basi? Kwanza, okota mayai mara mbili kwa siku, yaweke kivulini penye ubaridi, ncha nyembamba ikiangalia chini. Uza mapema, hakuna mafuta yanayoshinda kuuza mapema. Pili, ukilazimika kupaka, tumia mafuta safi ya kupikia. Matone machache kiganjani yanatosha mayai kadhaa. Paka siku ile ile yai lilipotagwa, na liwe safi, maana ukipaka yai chafu umefungia uchafu. Na usiyaweke miezi. Mafuta ya kupikia nayo huchacha. Tatu, andika kwa penseli herufi K, yaani ya kula, pamoja na tarehe. Mayai ya kutotolesha yakae trei yake, yasiguswe na mafuta kamwe.

Na nne, mwambie mnunuzi. Hapa ndipo ninaposisitiza zaidi. Wateja wetu hupima yai kwa maji: likizama ni jipya, likielea ni la zamani. Yai lililopakwa halipotezi maji haraka, kwa hiyo linaweza kuzama hata kama lina wiki kadhaa. Ukinyamaza, kipimo cha mteja umekiharibu bila yeye kujua. Hiyo siiiti tena kuhifadhi, naiita kumficha mtu umri wa bidhaa.

Nawakumbusha na wa ng'ombe pia. Mafuta ya mgando ya kulainisha chuchu yapake baada ya kukamua, si kabla. Kabla ya kukamua osha kiwele, kausha kwa kitambaa safi. Unachopaka kabla kinaishia kwenye ndoo, na ndoo inaishia kwenye chai ya mtu.

Kuhusu wale majirani, nilimnunulia aliyepata hasara mayai mengine ya mbegu, na mwezi uliofuata alipata vifaranga 19. Wawili hao sasa wanasalimiana. Ila mayai hawauziani tena, na hilo limebaki moyoni mwangu. Neno la mtaalamu huandikwa kwenye daftari, na daftari halisahau.

Kwa hiyo fungua daftari lako leo. Kama uliandika yale niliyosema siku ile, futa. Andika: mafuta ya mgando ni ya ngozi.

Ukiwa na swali niulize, na hata ukiona nimekosea niambie. Tukutane makala ijayo.