Komprime ya chini ya ulimi haitatoa vumbi la mawe kifuani

Siku hizi, kutoka Moba-Port mpaka Kirungu, tunasikia watu wanasema kama kuko dawa mpya ya alerji. Haina sindano. Ni komprime unaweka chini ya ulimi kila siku, na kisha muda mrefu yale mafua ya kila asubuhi, chafya na macho ya kuwasha vinatulia. Wandugu wachimbaji wanatuuliza: je, hiyo njo dawa ya vumbi letu? Sisi tunajibu wazi: dawa iko ya kweli, lakini si ya vumbi la mawe. Na mtu asiyejua tofauti hiyo anaweza kupoteza feza na kifua pamoja.

Tuanze na dawa yenyewe, tusiisingizie. Wazee wanasema dawa ya moto ni moto, na hapa msemo huo uko sawa kabisa. Mwaka 1911, kule London, munganga Leonard Noon alichoma sindano watu waliosumbuliwa na unga wa maua ya majani. Ndani ya sindano mlikuwa unga ule ule, kipimo kidogo sana, akaongeza polepole mpaka mwili ukauzoea. Miaka mingi kazi hiyo ilifanywa hasa kwa sindano. Mwaka 2006 Ulaya ilikubali komprime ya chini ya ulimi ya alerji ya majani. Mwaka 2017 Marekani nayo ilikubali komprime ya wale wadudu wadogo wa vumbi la nyumba, wenye Wafaransa wanaita acariens. Wadudu hao jicho haliwaoni. Wanaishi ndani ya matela na mito, wanakula vipande vya ngozi yetu, na wanapenda unyevu.

Lakini masharti yake ni magumu. Kwanza munganga apime ngozi ao damu, ajue mwili wako unakataa kitu gani, kwa sababu komprime ya acariens haifanyi kitu kwa alerji ya mende ao ya paka. Komprime ya kwanza unaimeza mbele ya munganga, unabaki hapo nusu saa, maana mdomo na koo vinaweza kuwasha na kuvimba. Mwenye asma isiyotulia hapewi. Kisha unaendelea kila siku karibu miaka 3 ili faida ibaki hata ukiacha. Sisi katika farmasi za hapa kwetu hatujaiona hata siku moja. Mtu akikuuzia sokoni «dawa ya alerji ya kudumu», bila kipimo na bila munganga, muulize maswali haya yote mbele ya kutoa feza.

Sasa tuje kwenye shimo. Zahabu inakaa ndani ya mawe meupe ya quartz. Koltani na kasiterite nazo zinakaa pamoja na quartz. Ukivunja jiwe hilo likiwa kavu, linatoa vumbi laini la silisi. Vumbi hilo halichokozi mwili kama alerji. Linaingia mpaka chini kabisa ya mapafu, linabaki humo, na mapafu yanafanya makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosi. Hakuna komprime, hakuna sindano, hakuna majani yanayofuta makovu hayo. Mwili hauwezi kuzoea silisi hata ukiila kidogo kidogo miaka 30. Moto huu hauna moto wa kuuzima.

Tofauti unaweza kuanza kuiona mwenyewe. Alerji inawasha: pua, macho, koo. Kamasi ni maji. Inakuja ukifagia nyumba ao ukilala, na inapungua ukitoka. Silikosi haiwashi. Inakuja polepole, kikohozi kikavu, na siku moja unapanda kutoka Moba-Port kwenda Kirungu unashangaa unasimama mara tatu pahali ulizoea kupanda bila kusimama. Na kuko kitu cha tatu, kibaya zaidi kwa sababu kinajificha nyuma ya hivi viwili: kifua kikuu. Mwenye silisi kifuani anapata kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Ukikohoa wiki mbili ao zaidi, ukitoka jasho usiku, ukikonda, usiseme ni alerji. Peleka makohozi yapimwe. Dawa za kifua kikuu katika Kongo ni za bure, na kwa kawaida zinachukua miezi 6.

Tunasema hivi kwa uchungu. Tunamjua kijana mmoja, mchimbaji, aliyeambiwa kama ana «alerji ya vumbi». Alikuwa ananunua dexa, kile kidonge wengi wanakijua, miezi na miezi. Kila akimeza, alikuwa anajisikia mzuri: nguvu inarudi, hamu ya kula inarudi, ata uso unanenepa. Kumbe dexa inalaza askari wa mwili, na kifua kikuu kinapata njia wazi. Alipopimwa makohozi, alikuwa amekwisha kukoholea bibi na watoto ndani ya chumba kimoja. Yeye hakuwa mjinga. Alikosa mtu wa kumwambia: pima kwanza, kisha umeze.

Wamama nao wasifikiri maneno haya ni ya wanaume. Kule Kamituga, Kivu ya Kusini, wamama wanaotwanga mawe ya zahabu wanaitwa twangaises. Hawashuki shimoni, lakini vumbi laini wanalivuta zaidi ya wengi, na mara nyingi mtoto yuko mgongoni. Na nguo ya baba ikikung'utwa ndani ya nyumba, shimo limefika mpaka kitandani.

Wengine watatuambia: ninyi munataka maskini wabaki nyuma, dawa mpya ziwe za wazungu? Hapana. Mtoto mwenye alerji ya kweli hapa Moba ana haki sawa na mtoto wa Paris, na siku Kalemie itapata munganga wa alerji mwenye vipimo na komprime hizo, tutashukuru. Lakini kila kitu kina zamu yake. Pompe za asma ziko kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima. Komprime za alerji za chini ya ulimi hazimo. Tukidai za pili mbele ya za kwanza, tutakuwa tumejenga paa bila ukuta.

Tuangalie Afrika ya Kusini. Wachimbaji wa zahabu wenye silikosi na kifua kikuu walipeleka kampuni mahakamani, na mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg ilikubali mapatano ya randi miliari 5. Walilipwa feza, lakini mapafu hakuna aliyewarudishia. Njo maana kazi ya kweli ni kuzuia.

Code minier ya 2018 inataka mchimbaji awe ndani ya koperative. Vema. Basi koperative isiwe ya kukata feza tu. Sisi tunaomba vitu vitatu. Kwanza, maji kwenye kila pahali pa kuvunja na kutwanga: jiwe lililoloa halitoi vumbi kama jiwe kavu, na ziwa tuko nalo hapa. Pili, cache-nez za kweli za kuzuia vumbi laini, kwani kitambaa hakitoshi. Tatu, kila mwaka kila mchimbaji apimwe kifua na makohozi, na bei isitoke mfukoni mwake.

Nyumbani nako tusingojee mtu. Badilisha nguo mbele ya kuingia. Anika matela na mito kwenye jua kali, fua mashuka na maji ya moto: acariens hawapendi joto na ukavu. Hiyo nayo haina sindano, na unaweza kuianza leo.