Kabla ya kuongeza madarasa, tuulize maji yanapita wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotugusa wazazi wengi, nalo ni ukarabati na upanuzi wa shule zetu za sekondari za serikali. Mimi ni fundi mwashi mstaafu, mkazi wa Morogoro. Si mtaalamu wa elimu, lakini nimejenga kuta nyingi katika maisha yangu na nimeona nyingine zikipasuka, kwa hiyo naamini ninalo la kusema.

Ikumbukwe kwamba tarehe 1 Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Dodoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Kwa sera hiyo elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima inakuwa ya miaka kumi. Maana yake ni kwamba watoto wa darasa la sita na wale wa darasa la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 mikupuo miwili itabisha hodi kidato cha kwanza kwa siku moja. Tena mikupuo hiyo itazikuta shule ambazo tayari zimejaa tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016. Basi hapana ubishi kwamba shule lazima zipanuliwe. Ninachotaka kuzungumzia ni namna tunavyopanga upanuzi huo.

Ipo shule moja ya sekondari ya serikali chini ya milima ya Uluguru ambayo sitaitaja jina, kwa sababu nia yangu si kumwaibisha mtu. Nilipokuwa kijana nilishiriki kujenga jengo lake moja, na leo mjukuu wangu anasoma hapo. Miaka michache iliyopita wazazi tuliitwa mkutanoni kuelezwa kwamba fedha za vyumba vipya zimepatikana. Tulifurahi na tukapiga makofi. Ramani ikabandikwa ubaoni, nasi tukaonyeshwa mahali pa kujenga, yaani uwanda ulio nyuma ya bwalo, chini ya mteremko.

Mama mmoja mtu mzima, ambaye shamba lake la migomba linapakana na shule, alinyoosha mkono akasema, "Jamani, hapo ndipo njia ya maji." Alijibiwa kwa upole kwamba ramani imekwisha kupitishwa na muda wa kutumia fedha ni mfupi. Mama akakaa. Nami fundi mzima, ambaye nilijua anachosema, nilinyamaza. Jambo hilo linanisuta mpaka leo.

Vyumba vilijengwa vizuri, kwa tofali nzuri na bati jipya. Ziliponyesha mvua za El Nino za mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, maji yalishuka mlimani kwa njia yake ya siku zote na kuikuta imezibwa na darasa. Yakaingia ndani na tope. Yalipokauka, sakafu ilikuwa imepasuka na ukuta wa nyuma ukawa na ufa unaopitisha kidole. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa tulijenga ukuta mahali ambapo ufa ulikuwa ukitusubiri, na sasa fedha nyingine zinatafutwa za kurekebisha jengo ambalo halijamaliza hata miaka mitano.

Ndugu Mhariri, jambo la pili ni vyoo. Tukisikia upanuzi, viongozi na wazazi sote tunahesabu madarasa tu. Lakini mwongozo wetu unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Hebu tupige hesabu pamoja. Shule ikiongezewa vyumba 6 vya wanafunzi 40 kila kimoja, imepata watoto 240. Ikiwa nusu ni wasichana, yanahitajika matundu 6 ya wasichana na 5 ya wavulana. Kwa hiyo vyumba 6 vinadai matundu mapya 11, na hayo ni mbali na yale yaliyokuwa yamepungua tangu mwanzo. Katika shule niliyoitaja vyumba vilipatikana vyote, lakini tundu halikuongezwa hata moja. Mjukuu wangu ananiambia kwamba wakati wa mapumziko foleni ya wasichana chooni ni ndefu kuliko ya chakula, na kwamba wapo wanaokaa nyumbani siku fulani za mwezi kwa kuona haya. Je, msichana huyo tumempa darasa, au tumempa nafasi ya kuandikwa tu kwenye daftari la mahudhurio?

Jambo la tatu ni maji ya matumizi. Inashangaza kwamba watu wa Uluguru tuzungumzie uhaba wa maji. Kutoka milima hii hushuka mito inayoulisha Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa hadi Dar es Salaam, na miteremko ya upande wa mashariki hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hata hivyo wanafunzi wetu hubeba ndoo alfajiri kwenda mtoni, wakati mwenzao wa shule nyingine anajisomea. Paa lenye mita za mraba 100 likinyeshewa mvua ya milimita 10 tu, linapokea lita 1,000. Gata na tangi ni gharama ndogo ikilinganishwa na jengo zima, lakini mara nyingi ndivyo vinavyofutwa kwanza fedha zikianza kupungua.

Sisi wenyeji wa hapa tunalo somo la zamani juu ya mipango inayoletwa ikiwa imekamilika. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani kwa ajili ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nia ya kuhifadhi udongo haikuwa mbaya. Lakini wakulima walieleza kwamba udongo wenye rutuba wa milima hii ni mwembamba, na kwamba ukichimba ngazi unafukia ule mzuri na kuleta juu ule usiozaa. Hawakusikilizwa. Mwaka 1955 kukatokea ghasia huko Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango wenyewe ukaachwa. Leo tunayo serikali yetu wenyewe, wala silinganishi nia ya wakoloni na nia ya viongozi wetu. Nasema tu kwamba mlima haubadili tabia kwa sababu serikali imebadilika, na anayeujua mlima ni yule anayelima juu yake.

Wapo watakaosema kwamba muda hautoshi wa mikutano na maswali, kwani 2028 iko mlangoni. Hoja hiyo naiheshimu. Hata mwaka 2021, fedha za mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 zilipotolewa kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19, vyumba 15,000 vilijengwa nchini kwa muda mfupi, na watoto wengi ambao wangesubiri nje walipata pa kukaa. Kasi hiyo ilistahili pongezi. Lakini kumsikiliza mama yule kungetuchukua nusu saa, na kusogeza msingi hatua 40 upande wa pili kabla ya kuchimba kusingegharimu chochote. Kuusogeza baada ya kumwaga zege hakuwezekani.

Tena tusisahau majengo ya zamani. Hapa mkoani kwetu serikali ilizikarabati shule kongwe za Mzumbe na Kilakala, ile ambayo wazee wanaikumbuka kwa jina la Marian College, badala ya kuziacha zichakae. Hilo ni jambo la busara, na ningependa shule zisizo na jina kubwa nazo zitazamwe hivyo. Jengo la zamani mara nyingi halianzi kuharibika ukutani. Huanza juu kwenye paa na chini kwenye bomba. Ukibadili kenchi zilizooza na kuziba bomba linalovuja, unaweza kuokoa bweni zima kwa sehemu ndogo ya gharama ya kujenga jipya.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, napendekeza mambo yafuatayo. Kwanza, kabla ramani haijapitishwa, kamati ya ujenzi na mhandisi wa halmashauri waizungukie shule kwa miguu pamoja na majirani, walimu na wanafunzi, ikiwezekana siku ya mvua, waone maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Pili, iwe ni marufuku kupitisha fedha za darasa bila kuonyesha matundu ya vyoo, gata na tangi vinavyokwenda na darasa hilo. Tatu, yakaguliwe kwanza majengo yaliyopo, na yanayofaa kukarabatiwa yakarabatiwe. Nne, ubao uwekwe langoni unaoonyesha fedha zilizopokelewa na zilivyotumika, ili sisi wazazi tunaosomba mawe na mchanga tujue jasho letu limeingia wapi.

Mwisho, nawageukia wazazi wenzangu na hasa mafundi. Tukiitwa mkutanoni tusiende kupiga makofi tu. Nimesikia kwamba shule yetu iko katika orodha ya kupanuliwa tena kwa ajili ya mwaka 2028. Mama yule bado yupo na shamba lake la migomba liko pale pale. Safari hii akinyoosha mkono, nami nitasimama.

Ndimi,
Fundi Mwashi Mstaafu,
Morogoro.