Istilahi zetu zimo ngamani

Imekuwa ada kwa sisi wataalamu wa lugha, kila kinapohitajika Kiswahili cha jambo la ufundi, kukaa mezani na kuunda neno jipya. Kuunda maneno si kosa. Kosa ni kuunda neno ambalo fundi analo tangu enzi za babu zake. Mfano wa kutosha ni kazi ya kutengeneza chombo kilichooza mbao za chini, kazi ijulikanayo vyema kisiwani Wasini, ng'ambo ya Shimoni, katika Kaunti ya Kwale.

Wasini haina daraja. Aingiaye na atokaye hupanda chombo. Majahazi yale yale yaliyorithiwa kutoka kwa wavuvi na wachuuzi ndiyo yanayowachukua watalii hadi hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Kwa hiyo ubao uliooza si suala la sura ya chombo, bali la roho za watu.

Mtu wa bara hudhani kwamba maji ya chumvi ndiyo yaozeshayo jahazi. Fundi anajua kwamba adui mkubwa zaidi wa mbao za ndani ni maji ya mvua. Chumvi huuzuia ukungu unaokula mbao, lakini mvua hupenya katika sitaha, ikatuama ngamani chini ya sakafu, mahali pasipopata jua wala upepo. Asiyefua maji mapema huja kubadili mbao.

Kazi yenyewe ina utaratibu. Chombo huletwa pwani wakati wa bamvua, maji yakipwa kikasimamishwa kwa gadi ili kisilale ubavu. Sakafu hung'olewa, ngama ikakaushwa, kisha fundi hugonga kila ubao kwa nyundo: ulio mzima hulia, uliooza huitika kwa sauti bubu. Sehemu mbovu hukatwa mpaka kwenye mti mzima, na mwisho wa ubao mpya hukalishwa juu ya taruma ili upate pa kushika. Ubao huchongwa kwa tezo, hutobolewa kwa keekee na kupigwa misumari. Hapo ndipo huja ukalafati, yaani kushindilia pamba iliyotiwa mafuta katika kila ufa. Upande wa nje, sehemu ikaayo majini hupakwa deheni. Chombo kikirudishwa baharini, mbao huvimba na kujibana zenyewe.

Hebu mwanafunzi ayahesabu maneno hayo: bamvua, gadi, ngama, taruma, tezo, keekee, kalafati, deheni. Hakuna hata moja lililoundwa na kamati. Baadhi yana safari ndefu: kalafati lina ndugu zake katika Kiarabu, Kireno na Kiitaliano, deheni limetoka katika Kiarabu. Huo ni ushahidi kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya teknolojia karne nyingi kabla ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa usanifishaji.

Watakuwapo watakaosema kwamba vyombo vya mbao vinatoweka, boti za faiba zimeingia, basi maneno haya ni ya makavazini. Hoja hii haina nguvu. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walizindua jahazi la Flipflopi, lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa. Mbao ziliondoka, lakini mkuku na mataruma yalibaki, kwa umbo na kwa jina. Kitu kikibadilika, neno laweza kuendelea kuishi, mradi awepo wa kulitamka na wa kulirithi.

Hatari iko katika urithi huo. Maneno mengi ya ubaharia yamo kamusini, lakini neno lililomo kamusini tu ni kama chombo kilichowekwa gadi daima: kinaonekana, hakisafiri. Tena fundi wa Wasini, msemaji wa Kivumba, aweza kuwa na majina ambayo kamusi zetu hazijayaandika kamwe.

Walimu wenzangu, hasa mlioko Kwale, mtaala wa umilisi unatutaka tuihusishe jamii katika masomo. Basi mwalimu wa Kiswahili na mwenzake wa fizikia wawapeleke wanafunzi pwani msimu wa matengenezo. Wanafunzi waandike jina la kila kifaa, kila kiungo na kila kitendo, na wachore. Fundi alipwe posho kama alipwavyo mkufunzi yeyote, na jina lake liandikwe juu ya orodha, akiridhia. Nasi wa vyuo vikuu tuzipokee orodha hizo kabla ya kuketi kuunda istilahi nyingine.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa katika lugha yetu ungali mdogo, na wajuao kuukalafati wangali hai. Tuwaendee.