MAONI: Fundi akisema kadi 'imekufa', muulize amepima nini

Kuna neno moja linalotugharimu pesa nyingi sana hapa mjini, nalo ni "imekufa". Unapeleka kompyuta yako ya zamani kwa fundi, skrini imegeuka njano tupu. Anaiwasha, anaitazama sekunde kumi, halafu anakwambia ati kadi ya picha imekufa, leta pesa ya nyingine. Multimita haijatoka hata kwenye droo. Huo si ufundi, bana. Huo ni uchuuzi wa vipuri. Lakini lawama si yake peke yake. Sisi wateja tuna mkono wetu humo, na nitafika hapo.

Tuanze na hiyo njano. Soketi ya VGA, ile yenye matundu 15 ambayo IBM iliileta sokoni mwaka 1987, hupitisha kila rangi kwenye njia yake. Nyekundu hupita pini ya 1, kijani ya 2, buluu ya 3. Pini za 13 na 14 huiambia monita mistari na picha zianzie wapi. Nyekundu na kijani zikifika bila buluu, jicho linaona njano. Nyekundu ikikosekana unaona samawati, na kijani ikikosekana unaona zambarau. Kwa hivyo skrini ya njano haisemi kadi imekufa. Inasema njia moja kati ya tatu ina shida, na karibu kila kitu kingine kinapiga kazi.

Kuitafuta njia hiyo hakuhitaji maabara. Kwanza badilisha kebo, kisha monita. Chungulia pini za kebo uone kama kuna iliyopinda. Ukikuta pini ya 9 haipo, usishtuke, kebo nyingi hutengenezwa hivyo. Shida ikibaki, zima mashine, chomoa umeme, toa kadi. Weka multimita kwenye omu, tumia kipande cha waya mwembamba kuingia kwenye tundu, upime pini ya 1 na ya 6, ya 2 na ya 7, ya 3 na ya 8. Kwenye kadi nyingi utasoma karibu omu 75, kwa sababu kila rangi ina rezista yake inayoshuka hadi ardhi. Lakini usikariri namba. Linganisha. Njia tatu zinafaa kufanana kama mapacha.

Mbili zikisoma 75 na moja isisome kitu, kuna mahali pamekatika. Moja ikisoma karibu sifuri, kuna shoti, na mara nyingi ni dayodi ya ulinzi au kapasita ndogo karibu na soketi. Rangi moja ikizidi nguvu badala ya kupotea, shuku rezista yake imekatika, maana umeme uliokuwa ukigawanywa kati ya kadi na monita sasa unaenda wote kwa monita. Pima pia zile koili ndogo kati ya soketi na chipu. Kila moja inafaa isome karibu sifuri.

Na chanzo cha yote haya mara nyingi ni kitu cha kawaida sana. Kebo nzito ya monita imening'inia miaka bila kufungwa skrubu, ikavutwavutwa, hadi solda nyuma ya soketi ikapasuka ufa usiouona bila lenzi. Dawa yake ni flaksi kidogo na pasi ya solda.

Sasa, kama njia zote tatu zinafanana, koili ni nzima na rangi bado haipo, hapo shuku RAMDAC, sehemu ya chipu inayogeuza namba kuwa umeme wa kati ya volti 0 na 0.7. Hapo ndipo neno "imekufa" linaweza kuingia. Mwisho kabisa, baada ya vipimo vyote hivyo.

Najua kuna msee anauliza, VGA ni ya nani siku hizi? Angalia projekta za makanisa, masanduku ya CCTV madukani, na kompyuta za mtumba kwenye maabara za shule. Halafu kuna kadi ambazo hakuna kiwanda kitakachozitoa tena. Voodoo3 ya 3dfx ilitoka mwaka 1999, na mwishoni mwa 2000 kampuni hiyo ikakubali kuuza sehemu kubwa ya mali yake kwa Nvidia. Wapenzi wa michezo ya zamani huko Ulaya na Marekani huzitafuta na kuzilipia vizuri. Wewe unaiacha iende Dandora kwa sababu ya ufa wa solda?

Tumrudie fundi. Mbona hapimi? Kwa sababu hakuna anayemlipa kupima. Kuchunguza kadi kunaweza kula saa nzima, kubadilisha ni dakika tano. Akichunguza halafu akuambie ni solda tu, unamwambia, "Kwani umefanya nini? Chukua hii mia ya chai." Daktari unamlipa kabla hajakugusa, lakini fundi unataka akuonee shida bure. Basi naye anatafuta mahali penye faida, ambapo ni kwenye kipuri.

Maoni yangu ni haya: tuanze kulipia uchunguzi. Bei ijulikane mapema, na kazi ikifanyika, ikatwe kwenye malipo ya mwisho. Fundi naye akuonyeshe vipimo alivyosoma, na kifaa cha zamani akurudishie mkononi. Hapo mwenye akili atalipwa kwa akili yake, na muuzaji wa vipuri atajulikana ni muuzaji.

Kwa vijana wenzangu mnaotafuta pa kuanzia: mimi niliacha chuo, na muda wote niliokuwa huko Sheria ya Ohm ilikaa ubaoni, multimita sikuishika. Kadi mbovu ya zamani inafundisha sheria hiyo kwa vidole. Sehemu zake ni kubwa kiasi cha kuonekana, na ukiharibu hujapoteza laptopu ya mtu. Ila kuwa makini. Solda ya zamani ina risasi, ndiyo Ulaya ikaizuia kwenye vifaa vipya kuanzia Julai 2006, kwa hivyo fungua dirisha na uoshe mikono. Usioke kadi kwenye ovena ya jikoni kama wanavyoshauriana mitandaoni. Na monita ile ya zamani yenye kisogo kirefu usiifungue, inaweza kubaki na umeme wa kuua hata ikiwa imechomolewa.

Wewe mteja, siku nyingine ukiambiwa "imekufa", uliza matatu: umepima wapi, umesoma ngapi, na njia zile nyingine mbili zinasoma ngapi? Akikujibu, mlipe bila kunung'unika. Akikukasirikia, beba kadi yako uende kwa mwingine.