Tusikariri Tu, Tuulize

Sote tumefundishwa kwamba bakteria wa tumboni, aitwaye Escherichia coli, akipata chakula kizuri na joto la kutosha, hugawanyika kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Tuliandika, tukakariri, tukajibu mtihani.

Lakini nilisoma kitabuni kwamba kunakili kromosomu yake huchukua kama dakika 40, kisha zapita 20 nyingine kabla hajagawanyika. Nikainua mkono nikauliza: kazi ya dakika 60 yamalizikaje katika dakika 20? Wenzangu walicheka, nami nikaambiwa niketi, maana jambo hilo haliulizwi katika mtihani. Tangu siku ile wanafunzi wawili waliokuwa wakiuliza sana wamenyamaza.

Hata hivyo jibu lilikuwapo. Cooper na Helmstetter wa Marekani walilieleza mwaka 1968. Bakteria hangoji kumaliza nakala ya kwanza ndipo aanze ya pili. Tazameni shina la mgomba: mama ana mkungu, binti amesimama kando yake, na mjukuu amekwisha kuchipua. Vivyo hivyo bakteria mchanga huzaliwa na kazi iliyoanzwa na bibi yake.

Je, ni nini kimzuiacho asianze ovyo? Protini iitwayo DnaA, ikibeba ATP, hukusanyika mahali pamoja pa kromosomu paitwapo oriC, na kuzifungua nyuzi mbili za DNA. Kazi ikiisha kuanza, protini nyingine, SeqA, hupafunika mahali pale kwa muda. Wakati huohuo ATP ya DnaA huvunjwa, nayo haiwezi tena kuanzisha kazi mpaka itiwe nguvu upya. Basi kila zamu huanza mara moja tu.

Wengine watasema cheti ndicho kitupacho kazi. Ni kweli, nami nakitaka. Lakini hesabu ile ya 60 na 20 ilinifundisha zaidi ya kurasa kumi nilizokariri. Waalimu wetu wapendwa, hatudai mjue yote. Mkituambia, "Twende tukatafute," tutafurahi. Nanyi wenzangu, msimcheke aulizaye. Kuuliza si ujinga.